Usingizi wa Mgeni, Mbu wa Jirani

Hoteli ndogo za mapumziko zilizotapakaa kuanzia Dunga, Kisumu, hadi visiwa vya Rusinga, Takawiri na Mfangano, kwenye Ziwa Victoria, zinauza afya. Masaji kivulini, samaki aliyevuliwa leo, mboga za bustani ya palepale, na juu ya yote usingizi mzito. Anayeona picha za Takawiri, mchanga mweupe na minazi iliyoinamia maji, hukimbilia kusema kwamba hii ni Karibi yetu. Sina ugomvi na sifa hiyo. Ninachotaka kukichambua ni kazi iliyo nyuma yake: usingizi huo hutengenezwaje kwenye ufuo ambao majini kuna kichocho na hewani kuna mbu wa malaria?

Hoteli za visiwani zilianza kujulikana kwa uvuvi kabla ya mapumziko. Rusinga Island Lodge na Mfangano Island Camp zilipata jina kwa mbuta: mgeni aliletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara asubuhi, akavua, akapiga picha na samaki mkubwa kuliko mtoto, akarudishwa. Muda wake mwingi aliumaliza ndani ya boti. Mgeni wa afya ni mtu mwingine kabisa. Anakaa siku kadhaa, anataka kuogelea, kutembea peku ukingoni, kulala madirisha yakiwa wazi. Kila anachokitaka kinamgusisha maji au usiku, na hapo ndipo ufundi unapoanza.

Kidudu cha kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, hakisubiri mtu anywe maji. Mayai hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika ziwani huanguliwa, na kinachotoka humsaka konokono mdogo wa jamii ya Biomphalaria. Ndani ya konokono huzaliana kwa wiki kadhaa, halafu hutoka vijidudu vyenye mkia ambavyo hupenya ngozi ya mwogeleaji kwa dakika chache tu. Hutoka kwa wingi mchana, jua likiwa juu, saa zilezile ambazo mgeni anatamani kujitosa. Udhaifu wake ni mmoja, na fundi wa maji wa hoteli anaujua vizuri: kijidudu kisipopata ngozi hufa baada ya siku moja au mbili.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokiangalia nikifika kwenye hoteli ya ufuoni ni matangi. Yakiwa mawili au zaidi, yameinuliwa juu ya jukwaa na kila moja lina koki yake, moyo hutulia. Lililojazwa leo huachwa litulie siku mbili huku bafu zikitumia la juzi, kisha yanabadilishana zamu. Mdomo wa bomba la pampu huwekwa mbali na ukingo, pasipo majani wala matete anakopenda kujibanza konokono. Chujio la mchanga na klorini hufuata. Penye tangi moja tu, linalojazwa asubuhi na kuishia bafuni jioni, klorini ndiyo kinga pekee, na siku dawa ikisahaulika mgeni anaoga ziwa lenyewe hata akiwa amefunga mlango. Bwawa la kuogelea lililochimbwa hatua chache kutoka ziwani huonekana anasa ya ajabu, lakini mahali hapa ndicho kifaa cha afya chenye maana kuliko meza ya masaji.

Utasikia wakisema kwamba maji ya kina hayana kichocho. Ni kweli kwamba hatari hupungua ukienda mbali na ukingo wenye majani na watu wengi, ila kuna Biomphalaria wa Ziwa Victoria anayeishi kwenye maji ya kina pia. Hoteli inayomheshimu mgeni wake humwambia mapema, na inamkumbusha apimwe wiki sita hadi nane baada ya kuondoka, kwa kuwa mayai hayaonekani kabla ya hapo. Dawa yake, praziquantel, ni rahisi kuipata na inafanya kazi vizuri. Sioni aibu yoyote ya kibiashara katika kusema hivyo.

Hapa ulinganisho na Karibi unanoga kuliko wanaoufanya wanavyofikiri. Hoteli ya Karibi inayopakana na bahari imepewa zawadi ya bure, kwa sababu konokono huyu hawezi kuishi kwenye chumvi. Lakini ndani ya visiwa vyenyewe, kwenye mito na vijito, kichocho kilikuwapo. Saint Lucia, kisiwa ambacho leo kinatajwa kwa spa na fungate, kiliugua ugonjwa huu vibaya. Kuanzia 1965 hadi 1981 Rockefeller Foundation na serikali ya kisiwa walifanya kazi ambayo ningependa kila mwenye hoteli wa Mbita, mji ulio mkabala na Rusinga, aifahamu. Waligawa mbinu kwa mabonde: bonde moja waliua konokono kwa dawa, jingine waliwatibu wagonjwa, na jingine, Riche Fond, wakapeleka maji ya bomba majumbani, sehemu za kufulia na vibwawa vya kuogelea, ili mtu asiwe na sababu ya kuingia mtoni. Tiba ilishusha maambukizi haraka na kwa gharama ndogo. Maji yalikwenda polepole, ila yalibadilisha maisha ya watu moja kwa moja. Vibwawa vile vilijengwa kwa ajili ya watoto wa kijiji, na mtalii hakuwamo kwenye hesabu.

Kwetu kijiografia mambo hayako sawa kila mahali. Ghuba ya Winam, inayoanzia Kisumu, ni pana lakini haina kina, na inapumua kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Maji taka ya mji na mbolea za mashambani huingia humo na kukaa. Magugumaji yaliyofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 bado husukumwa na upepo kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, na konokono hupanda humo kama abiria. Maji yakigeuka kijani kwa mwani wenye sumu, kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu sumu hiyo haivunjwi na moto wa jikoni. Hoteli ya Dunga ina mafunjo, ndege na machweo ambayo visiwani huwezi kuyapata, lakini maji yake ya kuoga yanadai kazi zaidi. Nje ya ghuba, Mfangano na Takawiri, ziwa lina kina na mawimbi, na nusu ya usafi hujifanyia lenyewe.

Halafu kuna choo. Mei 2020 kina cha ziwa kilipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na fukwe za Kisumu, Dunga ikiwemo, zikaingiwa na maji. Aliyechimba shimo la maji taka karibu na ukingo ili kupunguza mabomba, mwaka ule alilifungulia ziwani. Mayai ya kichocho hayabagui choo cha mgeni na choo cha mvuvi. Shimo lichimbwe nyuma ya vyumba, juu ya mteremko, hata kama pampu itagharimu.

Usiku una fundi wake pia. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na mara nyingi mvua ya radi huzaliwa juu ya maji kabla ya alfajiri. Vyumba vilivyojengwa kwa kuujua upepo huo, vyenye uwazi chini ya paa la nyasi na madirisha pande mbili, havihitaji mashine ya baridi. Uwazi huo lakini huingiza wadudu. Sami, wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, huzidi siku za mwezi mwandamo. Hawaumi, ila taa nyeupe kali kwenye veranda huwaita kwa mamilioni, na asubuhi wahudumu wanawazoa kwa fagio. Taa hafifu za rangi ya manjano, zikiwekwa chini na mbali na milango, humaliza nusu ya tatizo. Ukiziona taa nyingine nyingi majini, hao ni wavuvi wa omena, na kati ya Aprili na Julai, omena wanapopumzishwa kisheria, giza la ziwani huwa zito zaidi.

Mbu ndio mtihani mgumu. Chandarua kizima na wavu dirishani ni lazima, na vinafanya kazi. Lakini mgeni hali chakula cha jioni ndani ya chandarua. Moshi wa dawa unaopulizwa machweo hudumu kwa muda mfupi. Na mbu anayeingia hotelini saa mbili usiku huenda awali alikunywa damu ya mtoto ng'ambo ya ua.

Jibu bora ninalolijua lilijaribiwa palepale Rusinga. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, chenye jina la mwanzilishi wake Thomas Odhiambo, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, kiliendesha mradi wa SolarMal. Kati ya 2013 na 2015 waliwafikia wenyeji wa nyumba zaidi ya 4,000, karibu kisiwa kizima. Kila nyumba ilipata paneli ya sola juu ya bati, betri, taa mbili, mahali pa kuchaji simu, na mtego nje ya chumba cha kulala. Mtego wenyewe ni bakuli la plastiki lenye feni ndogo ndani, limening'inizwa kama sentimita 30 kutoka ardhini. Ndani yake kuna vipande vya nailoni vilivyoloweshwa mchanganyiko unaonuka kama mwili wa binadamu, pamoja na butanoni inayochukua nafasi ya hewa ya ukaa tunayoitoa kwa kupumua. Mbu hudhani amempata mtu aliyelala, anasogea, feni inamvuta ndani. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2016: penye mitego, maambukizi ya malaria yalikuwa chini kwa asilimia 29.8, na Anopheles funestus, mbu hatari wa eneo hili, alipungua kwa asilimia 69.2. Haikupulizwa dawa yoyote ya kuua wadudu ndani ya mitego ile.

Asilimia 69.2 ni nambari ambayo hoteli yoyote ya mapumziko ingelipa pesa nyingi kuipata, na haikupatikana ndani ya ua wa hoteli. Ilipatikana kwa sababu nyumba jirani zilikuwa na mitego, na nyumba jirani zao pia. Hoteli ikitundika mitego sita kuzunguka bustani yake peke yake itanasa mbu, bila shaka, huku wengine wakiendelea kufika kutoka kwenye vijiji vilivyoizunguka.

Ugumu wa mradi wa aina hii huja baada ya watafiti kufunga mabegi. Wenyeji waliupenda hasa kwa ajili ya taa, na ni haki yao. Mtoto kusomea mwanga bila moshi wa koroboi ni afya pia. Lakini betri huzeeka, feni hukwama, kinukio hukauka, na familia inayoishi kwa omena haiwezi kukibeba hicho chote peke yake. Hoteli ina fundi wa sola anayelipwa mshahara, ina stoo ya vipuri, na boti yake huenda Mbita kila siku. Kazi ya kubadilisha feni ni ya dakika chache kwa mtu mwenye bisibisi. Bei ya usiku mmoja kwenye vyumba hivi hununua betri, na ningependa kuiona betri hiyo ikiandikwa kwenye risiti ya mgeni, pamoja na masaji na samaki, ikitaja kijiji ilikopelekwa.