Hazina ya Maganda ya Chungwa

Mchuuzi wa machungwa pale Kariakoo humenya huku akizungumza na wateja, wala hakitazami kisu. Ganda la kijani hutoka jembamba, refu, bila kukatika, na ukisogea karibu utaona mafuta yakiruka kama vumbi na kumlowesha vidole. Ganda jeupe la ndani hulibakiza kwenye tunda. Kwa mkemia, hapo hatua ya kwanza ya kazi imeshafanyika: lenye mafuta limetengwa na lisilo na mafuta.

Mafuta hayo, zaidi ya asilimia 90 ni limonene. Ukitaka kuyatoa, wahi maganda yangali mabichi, uyapitishie mvuke, uupooze mvuke ule, nayo yataelea juu ya maji. Ukichelewa, katika msimu ambao machungwa ya Muheza humwagika mjini, utakuta ndoo imeshaota ukungu. Ukiyaanika juani kwanza, sehemu kubwa ya harufu imekwenda na upepo.

Lakini kazi ninayoistaajabia hasa ni ya lile ganda jeupe, ambalo hupatikana kwa wingi kwa wakamuaji wa juisi. Ndani yake mna hesperidini, antioksidanti ambayo Mfaransa Lebreton aliitenga mwaka 1828. Ni kaidi, haiyeyuki vizuri katika maji matupu. Basi fundi hutia chokaa. Maganda yaliyosagwa yakilowekwa katika maji ya chokaa, hesperidini hukubali kutoka. Papo hapo kalisi iliyomo kwenye chokaa huikamata pektini, ile inayogandisha jemu, isije ikaziba chujio. Aliyeligundua hilo alikuwa na akili ya kupigiwa saluti: kitu kimoja cha bei ndogo, kazi mbili. Yakishachujwa, maji yale hutiwa asidi kidogo na kupashwa moto. Unga hafifu huanza kujitenga na kutuama chini, mpaka unaweza kuukusanya kwa kijiko.

Kupima nguvu ya maganda nako kunataka jicho. Maji ya maganda yakitiwa kwenye kemikali maalumu ya rangi ya zambarau, antioksidanti huifanya rangi ififie na kugeuka manjano. Kujua kama yanazuia bakteria, kipande cha karatasi kilichochovywa katika maji hayo ya maganda hulazwa juu ya sahani ya agari iliyopandwa vijidudu. Yakiwa na nguvu, kesho yake kuna duara tupu kukizunguka. Fundi mwaminifu hulipima kwa rula na kusema alichokiona, basi. Bakteria wa kwenye sahani si ugonjwa ulio mwilini mwa mtu, na wanaouza unga wa maganda kama tiba ya kila maradhi wanaiharibia jina kazi nzuri.

Makapi nayo yana mlaji. Huko Florida na Brazil hukaushwa yakalishwa ng'ombe, na chokaa ileile ndiyo inayoyalegeza ili maji yakamulike kabla ya kukaushwa.