Aliyepo na Lake Halipo: Fani na Maudhui ya Uwakilishi wa Makabila Kazini, Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii, ingawa haitajwi popote, ndiyo msingi wa sheria za Kenya zihusuzo uwakilishi wa makabila katika kazi za umma. Sheria hizo huchukulia kwamba mtu akishapata kiti, basi na lake limepata pa kukaa. Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kutazama miji miwili jirani ya magharibi ya Kenya: Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma, makao makuu ya kaunti yenye jina hilo. Je, mipango hii imekusudiwa kwa dhati? Na je, inatimiza kile inachoahidi? Kwa kuwa sheria nayo ni matini, itasomwa hapa kwa vipengele viwili ambavyo wahakiki wamevizoea, yaani fani na maudhui.

1. Theluthi na asilimia 30

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilizaliwa kutokana na umwagaji damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kifungu chake cha 7 kinakataza taasisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 232, ikaagiza kwamba utumishi wa umma uwakilishe jamii mbalimbali za nchi. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, ikataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi katika ngazi ya kuanzia kazi ziwaendee watu wasiotoka katika jamii yenye wingi katika kaunti.

Theluthi na asilimia 30 hukaribiana masikioni, lakini maana zake zimeachana mbali. Theluthi ya 2008 ni kikomo cha juu cha kabila moja. Asilimia 30 ya 2012 ni kiwango cha chini cha wengine wote kwa pamoja. Afisi ya kaunti iliyoajiri watu 70 wa jamii moja katika kila 100 yaweza kujisifu kwamba imeitii sheria ya pili, ilhali imeivunja ya kwanza zaidi ya maradufu. Aidha, yafaa msomaji aangalie maneno "ngazi ya kuanzia kazi". Idadi imewekwa mlangoni, penye makarani na wahudumu. Kuhusu kamati tendaji ya kaunti, ambako bajeti hupangwa, kifungu cha 197 cha Katiba kinataka tu sheria itungwe ili sura ya jamii za kaunti ionekane, hakitaji hesabu. Kadiri madaraka yanavyopanda, ndivyo lugha inavyozidi kulegea. Huu si upungufu wa fani peke yake, kwani ulegevu huo ndio maudhui yenyewe.

2. Nani anahesabiwa kuwa nani?

Kila hesabu hutanguliwa na jina. Huko Bungoma, jamii yenye wingi ni ipi? Ukijibu "Waluhya", umewajumuisha Wabukusu, Watachoni na wengine. Ukijibu "Wabukusu", Mtachoni anageuka mara moja kuwa mmoja wa wale ambao asilimia 30 inawalinda. Mwajiri mwerevu aweza kuchagua jina kulingana na haja ya siku ile: jina pana linapomfaa, jina jembamba linapomponya.

Wanaisimu wanajua kwamba jina hilo pana lina historia fupi. Lilienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ilijaribu kuunda Kiluyia sanifu kimoja kutokana na lahaja nyingi. Kazi hiyo haikufaulu, na miongoni mwa waliosita kuipokea walikuwamo wasemaji wa Lubukusu, ambao hawakuiona lugha yao ndani yake. Jambo ambalo kamati ya lugha ilishindwa kuliunganisha, jedwali la ajira huliunganisha kwa mstari mmoja wa kalamu.

Hali ni iyo hiyo kwa "Wakalenjin", jina lililopata nguvu katika miaka ya 1940. Wasabaoti wa Mlima Elgon wakihesabiwa chini yake, Mkipsigisi aliyetoka Kericho atatosha kuwawakilisha katika takwimu za Bungoma. Ogiek wa Chepkitale, walio wachache kuliko Wasabaoti, hutoweka kabisa. Yafaa ikumbukwe kwamba katika mlima huohuo mgogoro wa ardhi ya Chepyuk uliandamana na vita vya 2006 hadi 2008. Watu waliomwaga damu kwa hisia ya kusahauliwa hawawezi kuponywa kwa kuandikwa chini ya jina la jirani.

3. Mfano wa Kitale

Pengine Kitale ndiyo shule bora ya somo hili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Vibarua wakaja kutoka kila upande, na mashamba yakajaa watu wa makabila na lugha mbalimbali. Kama kuchanganyika kungekuwa ndiko haki, basi shamba la mlowezi lingehesabiwa kuwa taasisi yenye haki.

Lakini lugha ya shamba inatoa ushahidi kinyume. Kisetla, yaani Kiswahili kilichokatwakatwa alichokitumia mlowezi, kilipuuza ngeli na kuegemea amri: lete, peleka, ngoja. Kilikuwa na msamiati wa kutosha kumtuma mtu, lakini hakikuacha nafasi ya mtu huyo kujibu, kuuliza wala kukataa. Makabila yote yalikuwapo shambani, na la mtu hata mmoja halikuwapo. Basi methali iliyotangulia inahitaji nyongeza: kuna anayekuwapo, na lake bado halipo.

4. Lugha ya dirishani

Chukua mfano wa mkulima mzee anayeteremka kutoka Kapsokwony kwenda afisi ya kaunti mjini Bungoma kutafuta haki yake. Anakifahamu Kisabaoti vizuri, Kiswahili kwa kiasi, Kiingereza hakifahamu. Tuseme asilimia 30 imetimizwa, na karani Msabaoti yumo katika jengo hilo. Ikiwa fomu ni ya Kiingereza, tangazo ukutani ni la Kiingereza, na karani huyo amewekwa stoo ya nyuma, uwakilishi umemfaa karani na mshahara wake. Mzee hajafaidika kitu.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na kinaipa dola wajibu wa kulinda wingi wa lugha za nchi, pamoja na lugha ishara na breli. Hata hivyo, ukaguzi wa ajira huuliza kabila la mfanyakazi, ambalo ni sifa ya kuzaliwa nayo. Kuuliza ni lugha zipi anazoweza kumhudumia nazo mwananchi kungekuwa kuuliza juu ya kazi yenyewe. Mbukusu aliyejifunza Kisabaoti angemfaa mzee yule kuliko Mkalenjin asiyekijua.

5. Suala la dhati

Wapo wanaosema kwamba hesabu za makabila huua sifa za kitaaluma. Hoja hii ingekuwa na uzito zaidi kama ajira zingekuwa zinafuata sifa kabla ya hesabu kuwekwa. Ukaguzi wa Tume ya Uwiano na Utangamano uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kaunti 15 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa zimetimiza sharti la asilimia 30. Ni vigumu kuamini kwamba katika kaunti 32 zilizobaki werevu wote ulikuwa umezaliwa katika nyumba moja.

Nchini Marekani, Januari 2025, rais alifuta kwa amri programu za namna hii katika serikali ya shirikisho. Nchini Kenya kalamu ya mtu mmoja haiwezi kufuta kilichomo katika Katiba. Lakini kisichofutika chaweza kupuuzwa. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili za jinsia. Bunge halikuvunjwa.

Kwa hiyo dhati haipimwi kwa maneno ya dibaji. Hupimwa kwa kuuliza sheria inamgharimu nini aliyeitunga. Hesabu inayoishia mlangoni haimgharimu kitu mwenye kiti cha juu. Kaunti hizi mbili zaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi: kuchapisha hesabu za kila ngazi, hasa za juu, kutaja jamii kwa majina ambayo jamii zenyewe hujiita, na kuingiza lugha za wenyeji miongoni mwa sifa za kazi za huduma. Hapo ndipo mzee wa Kapsokwony atakapofika dirishani, aseme lake, nalo liandikwe.