Kubandua Jina

Kijana alikuwa amemaliza mkataba. Asiyezijua bodaboda za Dar es Salaam aelewe kwanza neno hilo: tajiri hununua pikipiki, dereva huiendesha na kupeleka hesabu, na fedha waliyokubaliana ikitimia, chombo kinakuwa cha dereva. Huyu wa kwetu alikuwa ameshakabidhiwa kadi ya pikipiki. Lakini kwenye tenki, kulia na kushoto, bado lilikuwepo jina la tajiri kwa herufi nyeupe za stika, kubwa kama kiganja.

"Shikamoo fundi. Nataka hili jina litoke, rangi ibaki."

"Marahaba. Una haraka?"

"Kidogo."

"Basi njoo siku ambayo huna."

Kijana akacheka, akakaa kwenye benchi. Mimi nilikuwa kwenye benchi hilo hilo nasubiri cheni ya pikipiki yangu. Cheni ikakamilika, nami sikuondoka. Nimeona stika nyingi zikikwanguliwa kwa kisu, kwa wembe, hata kwa bisibisi, na matenki yakibaki na makovu maisha yao yote. Sikuwahi kuona mtu akiifanya kazi hii kana kwamba tenki lina ngozi.

Fundi alianza kwa kuosha, maji mengi na sabuni ya maji. Mchanga ni mgumu kuliko rangi. Ukipitisha kitambaa juu ya tenki lenye vumbi la siku nzima umeshalipiga msasa bila kukusudia. Alipokausha, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kila mchoro. Ile mistari myeusi ya kiwandani haikuwa na ngazi yoyote chini ya ukucha, maana yake imezikwa chini ya klia, ule utando usio na rangi unaoleta mng'aro. Hiyo haiguswi. Jina la tajiri lilikuwa na ngazi. Hilo limekaa juu, na kilicho juu hutoka.

Kisha akafungua siti, akachovya pamba kwenye mafuta ya taa na kusugua sehemu ndogo iliyofichika karibu na nyuma ya tenki. Akaitazama pamba. Ilikuwa safi. Rangi ya kiwandani hupikwa kwenye tanuri ikakomaa, na mafuta ya taa hayaisumbui. Rangi iliyopulizwa gereji ni habari nyingine, unaweza kuikuta yote kwenye pamba. Tina, kile kiyeyusha rangi, hakuitoa kabisa. Alisema tina haiulizi ipi gundi na ipi rangi, na kava za pembeni, kwa kuwa ni plastiki, inaweza kuzilainisha mpaka zikashika alama za vidole.

Hapo ndipo birika lilipoletwa kutoka kwa mama ntilie wa jirani. Wengi hutumia draya ya saluni, na wasio na subira huwasha kiberiti. Fundi huyu hataki moto wala waya wa umeme karibu na tenki lenye petroli. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakilaza juu ya herufi ya kwanza na kuweka kiganja juu yake. Kikipoa anarudia. Mara tatu, mara nne.

Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Hubaki na ulaini wake miaka yote, kama uji mzito sana usiokoma kutiririka, ila kwa mwendo usioonekana. Ipate joto, inalegea. Joto likizidi, plastiki inavutika kama mpira na gundi yote inabaki kwenye tenki. Kipimo chake kilikuwa mgongo wa kiganja: pakiwa na joto ambalo mkono unalivumilia, inatosha.

Akainua pembe kwa ukucha, na hapa nikasogea karibu. Hakuivuta stika juu. Aliikunja ikalala juu ya mgongo wake yenyewe, akaivuta ikiwa sambamba na tenki, polepole kiasi kwamba nilidhani amesimama. Ukivuta kwenda juu, nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba na kuinyanyua rangi. Ukiilaza, gundi inapata nafasi ya kuachia. Palipokuwa na ubishi hakuongeza nguvu, alirudisha kitambaa cha moto. Herufi ya kwanza ilitoka nzima, ikaning'inia kwenye kidole chake.

Tatizo hili la gundi kuondoka na rangi lina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1923 kijana aitwaye Richard Drew, mfanyakazi wa 3M, wakati huo kiwanda cha msasa, alikwenda gereji moja mjini Saint Paul, Marekani, kujaribu msasa mpya. Akawakuta wapaka rangi wakilaani. Magari ya rangi mbili ndiyo yalikuwa mtindo, na karatasi walizobandika kukinga rangi moja zilibanduka na rangi yenyewe. Mwaka 1925 akatoa utepe unaoshika na kuachia. Nampenda Drew kwa sababu alielewa kwamba gundi njema si ile inayong'ang'ania tu.

Mabaki ya gundi yalikuwa kazi ya nusu saa nyingine. Mafuta ya taa kwenye kipande cha fulana kuukuu, yakaachwa yaloweshe, kisha kidole gumba kikasukuma gundi ikajiviringa vipande vidogo kama uchafu wa kifutio. Palipogoma alisaidia kwa kadi kuukuu ya plastiki, ambayo ni laini kuliko klia. Sabuni tena, maji tena.

Tenki lilipokauka, jina bado lilisomeka.

Kijana akakunja uso, akapapasa. Hapakuwa na kitu chini ya vidole. Lilikuwa limeandikwa kwa wekundu mkali ndani ya wekundu uliopauka.

"Hiyo si gundi, mdogo wangu. Hiyo ndiyo rangi ambayo pikipiki ilitoka nayo dukani. Iliyochakaa ni ya pembeni."

Akachukua polishi, akasugua ile ya pembeni kwa miduara midogo, tenki likaanza kufufuka. Akarudia mara ya pili. Kijana akaomba ya tatu. Fundi akakataa, akasema klia ni nyembamba kuliko unywele na amekwisha kula sehemu yake, kilichobaki jua litamalizia.

Kijana alilipa, akawasha. Alipoigeuza pikipiki kuelekea barabarani, jua la saa tisa likapiga upande wa kushoto wa tenki. Nikajaribu kulisoma jina, nikaishia kwenye herufi ya pili.