Yubali wa Detroit na Haki ya Kutajwa Jina

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, katikati ya orodha ya ukoo wa Kaini, limehifadhiwa jina la Yubali, anayetambuliwa kuwa baba wa wapiga kinubi na filimbi. Ukoo ule hausifiwi kwa utauwa. Hata hivyo, mwandishi mtakatifu hakuona vema kulifuta jina la mtu aliyeianzisha kazi hiyo. Sura hiyo ilitujia moyoni tulipoitazama filamu ya kumbukumbu iitwayo God Said Give 'Em Drum Machines, iliyoongozwa na Kristian R. Hill na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2022 katika tamasha la Tribeca, New York. Jina lake lamaanisha kwamba Mungu alisema wapewe mashine za ngoma. Bila shaka wako watumishi watakaokwazwa na jina hilo. Sisi twadhani filamu yenyewe yastahili kutazamwa kabla ya kuhukumiwa.

Habari yake ni hii. Wapenzi wengi wa muziki wa tekno, hasa katika Ulaya, huudhani kuwa ni mali ya Wazungu, nao hushangaa kusikia kwamba ulianzishwa na vijana weusi wa Detroit na viunga vyake. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja katika shule ya sekondari ya Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Atkins, akishirikiana na Rik Davis aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Vietnam, alitoa santuri ya kwanza ya kikundi cha Cybotron mwaka 1981, na mwaka 1985 akaanzisha kampuni yake ya santuri, Metroplex. Mwaka 1988 mkusanyo wa kazi za vijana hao ulitolewa Uingereza ukiwa na neno tekno katika jina lake, na kwa jina hilo dunia ikaujua muziki huo. Filamu ya Hill inawafuata hao watatu pamoja na Eddie Fowlkes, Blake Baxter na Santonio Echols.

Haikuwa filamu ya kwanza kufika huko. Mwaka 1996 Mfaransa Dominique Deluze alitoa Universal Techno, ambamo Derrick May aonekana ndani ya jumba la kale la maonyesho, Michigan Theatre, lililogeuzwa kuwa maegesho ya magari chini ya dari yake ya fahari. Mwaka 2006 Gary Bredow alitoa High Tech Soul, akiiunganisha historia ya muziki na ya mji wenyewe: machafuko ya 1967 yaliyoua watu 43, na kudhoofika kwa viwanda vya magari. Mji uliokuwa na watu wapatao milioni 1.85 mwaka 1950 ulibakiwa na 639,000 hivi mwaka 2020. Filamu za namna hii, zinazotengenezwa nje ya makampuni makubwa, hazina fedha nyingi wala haraka; lakini huwapa wenye habari nafasi ya kuisimulia kwa vinywa vyao wenyewe. Hapo ndipo tunapoiona nguvu ya kazi ya Hill. Wahusika wake hawazungumziwi, wanazungumza.

Je, jambo hili lamhusu nini mwanateolojia? Twajibu kwamba ni suala la Amri ya Nane. Luther alitufundisha kwamba amri hiyo haikatazi tu kumsingizia jirani, bali yatudai pia kumtetea na kuilinda heshima yake. Ushuhuda wa uongo si lazima usemwe kwa kinywa; mara nyingi hutokea pale jina linapoachwa lisahaulike. Mwezi Machi 2024 utamaduni wa tekno wa Berlin uliandikwa katika orodha ya kitaifa ya urithi wa Ujerumani. Hatusemi kwamba orodha hiyo ni uongo, maana Berlin ina historia yake ya haki. Lakini santuri ya kwanza ya kampuni ya klabu ya Tresor, iliyofunguliwa huko mwaka 1991, ilitengenezwa na wanamuziki wa Detroit. Urithi ukitajwa bila aliyeurithisha, jirani ameibiwa heshima yake hata kama hakuna aliyekusudia kumwibia.

Hata hivyo, upendo wetu kwa filamu hii hautuzuii kuihoji. Kwanza, wahusika wake wakuu sita ni wanaume watupu. Anayedai haki ya kutajwa hana budi kuwataja wengine. Kelli Hand, aliyefariki mwaka 2021, alikuwa mwanamke wa Detroit aliyeendesha kampuni yake mwenyewe ya santuri, na baraza la mji lilimheshimu mwaka 2017. Mtu kama huyo astahili kuwekwa katika msingi wa nyumba, si barazani. Pili, neno "asili" lisigeuzwe kuwa ukuta. Atkins mwenyewe hakuficha kwamba aliwasikiliza Wajerumani wa kikundi cha Kraftwerk, ambao mtangazaji wa redio aliyejulikana kama Electrifying Mojo aliwapigia vijana wa Detroit usiku. Kukiri deni hakumpunguzii mtu heshima. Humfanya shahidi wa kuaminika.

Yawezekana msomaji akasema: muziki huu ni wa kumbi za usiku, una faida gani kwa Kanisa? Twamrudisha kwa Yubali. Kutaja jina la mwanzilishi si kubariki kila kinachotendwa palipo na kinubi. Ni kusema kweli juu ya karama, na Mungu ndiye atoaye karama, hata nje ya ua wetu.

Tena jambo hili liko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wimbo wetu wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, huimbwa leo na Walutheri wa Ujerumani. Katika kitabu chao cha nyimbo ametajwa Bernard Kyamanywa, aliyeyaandika maneno yake mwaka 1966. Lakini kuhusu sauti yake imeandikwa tu kwamba yatoka Tanzania. Nchi haitungi sauti. Yuko mtu, au wako watu, walioiimba kwanza. Basi, wanafunzi wetu watakaokwenda sharikani wasiiache kazi hii kwa watengenezaji filamu peke yao. Na waketi na wazee wa kwaya wangali hai, waulize nani alitunga nini na mwaka gani, wayaandike majina hayo katika vitabu vya sharika. Yubali alipata mwandishi. Watunzi wetu nao wanamngoja wao.