Kutoka "Sifa" hadi "Tahayari": Lugha, Istilahi na Ufundishaji wa Imani katika Vitabu vya Musa bin Maimun

Ikisiri

Vitabu vingi vikuu vya falsafa ya Kiyahudi vya karne ya 10 hadi ya 12 viliandikwa kwa Kiarabu, kisha vikahamishiwa katika Kiebrania na wafasiri wa kusini mwa Ufaransa. Makala haya yanahakiki kimoja kati yake, Dalalat al-Ha'irin cha Musa bin Maimun, anayefahamika Ulaya kwa jina la Maimonides, kwa kukisoma kama kitabu cha kufundishia. Kinapimwa pamoja na Mishneh Torah cha mwandishi huyohuyo, na pamoja na kazi ya wafasiri wake wawili. Hoja inayotetewa ni kwamba uchaguzi wa lugha na istilahi haukuwa chombo tu cha kubebea mafundisho hayo, bali ulikuwa sehemu ya mafundisho yenyewe, na ndio ulioamua nani afundishwe na nani aachwe nje.

Lugha ya jirani, hati ya nyumbani

Musa bin Maimun alizaliwa Cordoba mnamo 1138 hivi na kufariki Fustat, Misri, mwezi Desemba 1204. Sheria aliiandika kwa Kiebrania: Mishneh Torah, chenye vitabu 14, kilikusudiwa msomaji yeyote wa Kiyahudi, kuanzia Yemeni hadi Ufaransa. Falsafa aliiandika kwa Kiarabu, lakini kwa herufi za Kiebrania. Hakuwa wa kwanza. Saadia Gaon wa Baghdad, Bahya ibn Paquda na Yehuda Halevi wa Andalusia walikuwa wamefanya hivyo kabla yake, kila mmoja kwa shabaha yake.

Kwa mtafiti wa Kiswahili jambo hili si geni. Mwambao wa Afrika Mashariki uliandika lugha yake kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Wayahudi wa Misri na Andalusia waliandika Kiarabu kwa herufi zao. Katika hali zote mbili hati ilikuwa ua linaloonyesha ni nyumba ya nani, ilhali maneno yalipita juu ya ua huo bila kizuizi. Tofauti ni kwamba Myahudi wa Fustat alikuwa na lugha takatifu aliyoweza kuichagua akataka, naye kwa falsafa hakuichagua. Sababu si ngumu kuiona. Kiarabu kilikuwa tayari na istilahi za mantiki, tiba na metafizikia, zilizochongwa na wafasiri wa Aristotle na kunolewa na Al-Farabi na Ibn Sina. Kiebrania hakikuwa nazo. Aliyetaka kufikiri juu ya kiini, umbo na maada angelazimika kwanza kuunda msamiati, ndipo afikiri.

Kitabu cha mwanafunzi mmoja

Dalalat al-Ha'irin kilikamilika mnamo 1190 hivi, nacho kinaanza kwa barua kwa mwanafunzi mmoja, Yosef bin Yehuda, aliyekuwa amehama. Hilo si pambo. Mwandishi anamlenga mtu mwenye sifa mahususi: mshika dini, aliyesoma sheria, aliyeonja falsafa, na ambaye sasa amekwama kati ya maneno ya Maandiko na hukumu ya akili. Asiyekwama hakihitaji kitabu hiki.

Katika sura ya 34 ya sehemu ya kwanza zinatajwa sababu tano za kutomwanzisha mwanafunzi na metafizikia: ugumu wa somo, uchanga wa akili, urefu wa masomo ya maandalizi, tabia ya mtu mwenyewe, na shughuli za kutafuta riziki ya familia. Anayetaka kufika hana budi kupitia mantiki, hisabati, kisha elimu ya maumbile. Sababu ya tano inastahili kusomwa mara mbili. Ni nadra kwa mwanafalsafa wa zama hizo kukiri kwamba njaa ya watoto nyumbani ni kizuizi cha elimu sawa na ujinga, na mwandishi alijua alichokisema. Katika barua aliyomwandikia mfasiri wake mwaka 1199 anaeleza jinsi anavyokwenda kila asubuhi Cairo kuwatibu watu wa baraza la Sultani, anavyorejea Fustat mchana akiwa na njaa, na kukuta ukumbi umejaa wagonjwa hadi usiku.

Hata hivyo, sura inayofuata inaweka mpaka. Kuna jambo moja ambalo kila mtu, hata mtoto, lazima afundishwe bila kusubiri hisabati: kwamba Mungu si mwili wala hafanani na kiumbe chochote. Yaliyosalia yanaweza kungoja. Huu ni mtaala wenye ngazi mbili, na udhaifu wake ni kwamba mwenye ngazi ya chini anapewa hitimisho bila njia ya kulifikia. Anaambiwa Mungu hana mkono. Haambiwi afanye nini na aya zinazotaja mkono wa Mungu.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Katika utangulizi mwandishi anaorodhesha sababu saba zinazofanya vitabu vijipinge vyenyewe, kisha anakiri kwamba mikinzano ya kitabu chake inatokana na mbili kati yake: ya tano, yaani haja ya mwalimu kurahisisha kwanza na kusahihisha baadaye, na ya saba, yaani kuficha jambo zito machoni pa umma. Ya tano ni busara ya kila mwalimu wa darasa la kwanza. Ya saba ni hatari. Tangu ilipokiriwa, wasomaji wa kila zama wamekuwa na ruhusa ya kudai kwamba lile wasilolipenda kitabuni ni pazia tu. Leo Strauss, katika kitabu chake cha 1952 kuhusu mateso na sanaa ya kuandika, alijenga juu ya ruhusa hiyo namna nzima ya usomaji. Kitabu cha kufundishia kinachomwachia mwanafunzi kuamua sentensi ipi ni ya kweli kimeacha sehemu ya kazi yake.

Tatizo la "sifa"

Sehemu iliyo imara kuliko zote ni ile inayohusu sifa za Mungu, sura za 50 hadi 60. Msimamo wake ni mkali: kila sifa tunayompa Mungu kwa njia ya kuthibitisha inamshusha, kwa kuwa inamweka katika jamii moja na viumbe. Tunachoweza kusema kwa usahihi ni kukanusha tu: hashindwi, hana mwanzo, si wengi. Anaunga mkono hoja hii kwa kisa cha Talmudi kuhusu mtu aliyesimama kuongoza sala mbele ya Rabi Hanina, akarundika majina ya utukufu mpaka akachoka. Rabi alimwuliza kama amemaliza, kisha akamfananisha na mtu anayemsifu mfalme mwenye dinari za dhahabu zisizohesabika kwa kumwambia ana fedha. Musa bin Maimun anaongeza jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita: mfano hausemi kwamba mfalme alisifiwa kwa dhahabu chache kuliko alizonazo. Alisifiwa kwa madini mengine kabisa. Kosa ni la aina, si la kiasi.

Hapa Kiswahili kinatoa msaada na mtego kwa pamoja. Neno "sifa" limetoka katika neno lilelile la Kiarabu analolijadili Musa bin Maimun, ambalo kwa wanafalsafa ni hali inayotajwa juu ya kitu. Katika Kiswahili neno hilo limebeba pia maana ya kutukuza, hivi kwamba kutaja sifa za mtu na kumsifu ni karibu tendo moja. Mfasiri akiandika kwamba Mungu hana sifa, ataonekana amekufuru, na hasa mbele ya wasomaji waliolelewa katika elimu ya tauhidi, ambamo sifa za Mungu ni somo lenye mpangilio wake. Papo hapo, mkanganyiko huo ndio kiini cha kisa cha Rabi Hanina: yule mwenye kusali alidhani kutaja na kutukuza ni kitu kimoja. Lugha chache zinaweza kukifanya kisa hicho kisikike kwa neno moja. Mfasiri mwenye busara hangelikimbia neno "sifa". Angelitumia, na kulieleza katika tanbihi moja ndefu.

Mtego mwingine umo katika jina la kitabu. Al-ha'irin ni waliotatizika, wasiojua waelekee wapi. Mzizi huo umeingia Kiswahili katika "tahayari", lakini kwetu aliyetahayari ameona haya, hakupotewa na njia. Mwongozo wa waliotahayari ungekuwa kitabu cha adabu. Nalo neno la kwanza la jina hilo, dalalat, lina undugu na "dalili" na, kwa bahati ya kuchekesha, na "dalali" wa mnadani.

Wafasiri wawili

Samuel ibn Tibbon alimaliza tafsiri yake ya Kiebrania huko Provence mwishoni mwa Novemba 1204, wiki mbili tu kabla ya mwandishi kufariki. Baba yake, Yehuda, alikuwa ameshafasiri vitabu vya Bahya, Halevi na Saadia. Katika barua ya 1199 Musa bin Maimun alimwelekeza Samuel kwamba anayefuata neno kwa neno na kuhifadhi mpangilio wa sentensi ya asili atakosea. Alitakiwa kwanza aishike maana, kisha aieleze vizuri katika lugha ya pili. Samuel aliipokea nasaha hiyo na, kwa sehemu kubwa, hakuifuata. Kiebrania chake kinatembea kwa hatua za Kiarabu. Miaka michache baadaye Yehuda al-Harizi, mshairi, alitoa tafsiri nyingine iliyo laini na inayosomeka kwa raha.

Ushindi ulikwenda kwa tafsiri ngumu. Ndiyo iliyofunza Kiebrania cha falsafa kwa karne zilizofuata, ilhali ya al-Harizi ilipata maisha yake mahali asipopatarajia: ndiyo iliyokuwa msingi wa tafsiri ya Kilatini iliyosomwa na wanatheolojia wa Kikristo, akiwemo Thomas Aquinas. Maelezo ya kawaida ni kwamba Samuel alishinda kwa usahihi. Maelezo hayo ni nusu. Alishinda pia kwa sababu aliambatanisha tafsiri yake na faharasa ya maneno mageni, akieleza kila istilahi imetoka wapi, kwa nini imechaguliwa na inatumikaje. Msomaji hakuachwa akisie.

Wanaoshughulika na ukuzaji wa istilahi katika mabaraza ya Kiswahili wanaweza kuona hapa jambo linalosahauliwa mara nyingi. Orodha ya maneno mapya ikitolewa peke yake, bila kitabu kinachoyatumia, hubaki rafuni. Maneno ya akina Tibbon yalidumu kwa kuwa yalizaliwa ndani ya hoja. Neno "teva" lilipewa maana ya maumbile kwa kuigwa "tabia" ya Kiarabu; "merkaz", kitovu, lilichukuliwa kutoka "markaz". Yote mawili yanatumika katika Kiebrania cha leo. Kiswahili kilipokea "tabia" hiyohiyo kikaipeleka kwenye mwenendo wa mtu, na juzi tu, katika "tabianchi", kimeirudisha kwenye maumbile.

Darasa la watoto 25

Mishneh Torah kinawahusu wale ambao Dalalat al-Ha'irin hakikuwalenga. Sheria za kufundisha Torati zinasema kwamba mwalimu mmoja atafundisha watoto 25. Wakizidi hapo hadi 40, awekewe msaidizi. Wakipita 40, wawekwe walimu wawili. Chanzo chake ni Talmudi, lakini kuiweka katika kitabu cha sheria, pamoja na wajibu wa kila mji kuajiri walimu, kuliifanya elimu ya watoto kuwa deni la jamii. Kwingine katika sheria hizohizo, mwalimu anakatazwa kuwakasirikia wanafunzi wasioelewa. Arudie hata mara nyingi. Washauri wa sera wanaojua idadi halisi ya watoto katika madarasa ya kanda hii hawatahitaji ufafanuzi zaidi.

Lakini sheria hizo pia zinapokea kauli kwamba baba asimfundishe binti yake Torati, kwa hoja kwamba akili za wanawake walio wengi hazikuelekezwa kwenye masomo hayo. Mwandishi aliyekataa kila picha ya Mungu isiyopita mtihani wa akili aliipitisha picha hii ya wanawake bila mtihani. Si haki kumtetea kwa kusema zama zake zilikuwa hivyo. Alizipinga zama zake katika mengi. Jumuiya za washika dini kali za Poland zilisubiri hadi 1917, Sarah Schenirer alipofungua huko Kraków shule ya wasichana iliyozaa mtandao wa Bais Yaakov.

Falsafa nayo iliwekewa mlango wake. Mwaka 1305, baada ya mizozo ya miongo kadhaa, Rabi Solomon ibn Adret wa Barcelona na wenzake waliwapiga marufuku walio chini ya umri wa miaka 25 kusoma vitabu vya Kigiriki vya maumbile na metafizikia. Marufuku yaliwekwa kwa miaka 50. Tiba iliachwa huru. Vitabu vya Musa bin Maimun havikuguswa. Kwa hakika marufuku hayo yanafanana mno na sura yake ya 34, isipokuwa kwamba palipokuwa na maandalizi sasa pamewekwa umri.

Kitabu cha Mbale

Katika Afrika Mashariki swali hilohilo lilizuka mashariki mwa Uganda bila mfasiri wa Provence. Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi aliyekosana na Waingereza, aliisoma Biblia ya Kiganda, iliyokuwa imechapishwa kamili mwaka 1896, na mwaka 1919 akajitahiri pamoja na wanawe na kujitangaza mshika Torati. Mwaka 1922 alitoa kwa Kiganda kitabu cha kurasa 90 hivi cha kanuni na sala kwa wafuasi wake, ambao hadi leo huitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Kukipima kitabu hicho kwa kipimo cha Dalalat al-Ha'irin kungekuwa upuuzi. Kwa kipimo cha sheria za kufundisha, hata hivyo, kinasimama vizuri. Kiliandikwa kwa lugha ambayo mwanafunzi aliiota usiku. Hakikumngoja amalize hisabati, wala hakikumficha kitu. Msamiati wake wa imani ulikuwa umekwisha kutengenezwa na wafasiri wa Kikristo, kama wa Musa bin Maimun ulivyokuwa umetengenezwa na Waislamu. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jamii hiyo ilipita katika marufuku ya Idi Amin ya miaka ya 1970. Kiebrania kilikuja kuchukua nafasi yake katika sala, lakini zaburi zinaendelea kuimbwa pia kwa Kiganda, kwa tuni zilizotungwa hapohapo Mbale.