Kimara-phamba na Kifunga-mji: Msamiati wa Mvuto katika Njia ya Misafara ya Tabora

Uchambuzi wa msamiati wa mvuto katika Kiswahili umezoea kuanzia kwenye vidahizo: haiba, mvuto, -pendeza, -vutia, kisha kila kimoja hufasiliwa kwa mwenziwe. Mazoea hayo yanaficha tofauti ambayo sarufi huidhihirisha. Husemwa "amependeza" na kauli ikatimia. "Amevutia" huacha swali: amemvutia nani? Kitenzi -vutia, kikiwa kauli ya kutendea ya -vuta, hubeba umbali na mtu aliye upande wa pili wa umbali huo. (Lugha ya matangazo imeanza kulilegeza sharti hili, si kwa faida ya lugha.)

Upande huo wa pili ndio uliotawala msamiati wa misafara iliyopita Tabora ikielekea Ujiji. Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, aliorodhesha katika kitabu chake cha 1860 majina ya ushanga uliotumika kama fedha. Ushanga mwekundu wa samesame ulikuwa na majina ya ziada, yakiwemo kimara-phamba, alilolifasiri kuwa kimaliza chakula, kwa kuwa mtu angetoa hata mlo wake aupate, na kifunga-mji, alilolifasiri kuwa kivunja mji, kwa sababu wanawake walitekwa nao.

Majina haya hayasemi kwamba ushanga ni mzuri. Kiambishi ki-, shina la kitenzi na yambwa yake vinataja kinachompata anayevutwa: chungu kitupu, mji uliobadilika. Kwa mfanyabiashara hilo halikuwa pambo la maneno. Ushanga usiopendwa mahali fulani haukununua chakula cha wapagazi, na mzigo uliobebwa kutoka pwani kwa miezi uligeuka uzito tu.

Fasiri za Burton, hata hivyo, hazistahili kupokelewa pamoja. Ya kwanza inasimama: -mara inalingana na -mala, "maliza", ya Kinyamwezi na Kisukuma. Ya pili ina walakini. -Funga si -vunja. Huenda alisikia kivunja akakiandika vibaya, kwani hata mji aliuandika mgi. Lakini tahajia hiyo haitoshi kuthibitisha kosa, maana g mbele ya i na g mbele ya a hazisomeki sawa katika Kiingereza. Jina likisomwa lilivyoandikwa, ushanga unaufunga mji: unawashika watu, shughuli zinasimama. Hapo hapana uharibifu, na fasiri ya "kuvunja" inakuwa hukumu ya mfasiri.

Wala hapana mwanamke. Kimara-phamba na kifunga-mji hayataji jinsia ya anayevutwa. Sababu ya wanawake imo katika maelezo ya msafiri, na maelezo hayo ndiyo yanayonakiliwa kana kwamba ni maana ya neno. Mchambuzi anayeyanukuu majina haya anapaswa kuyatenga na ufafanuzi huo, hasa akikumbuka kwamba waliopima, kubeba na kukataa ushanga njiani walikuwa pia wapagazi wanaume wa Kinyamwezi, waliolipwa posho kwa ushanga huohuo.