Mguu moja ni bei gani?

Bandugu wasomi, wengi wenu mulishaangalia « En route pour le milliard », filamu ya Dieudo Hamadi, mwana wa Kisangani. Ilitoka 2020 na ilichaguliwa Cannes mwaka ule ule. Munaisifu juu ya machozi. Miye ninaisifu juu inaonyesha muda.

Inafuata watu walioumia katika Vita ya Siku Sita, Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigania Kisangani. Kuna waliobaki bila miguu, bila mikono. Miaka ikapita bila malipo, njo wakapanda bato kushuka Mto Kongo mpaka Kinshasa, kudai. Hamadi haelezi kitu kwa sauti yake. Kamera inakaa nao chini ya plastiki, mvua inawanyeshea. Kupanda, kushuka, kulala: kila kitu kinaomba nguvu mara mbili.

Sisi watu wa agronomia tunajua hesabu hii. Barabara ikipita katika shamba la mtu, mchikichi hauhesabiwi kama kuni. Tunauliza: ungezaa tena miaka ngapi? Mguu pia uko vile. Aliyeupoteza akiwa mutoto anapoteza kila musimu, mpaka leo. Hata motari aliyegongwa na kamiyo: ukimulipia hospitali tu, umelipa kuni, hapana muti.

Pale filamu inanibakisha na njaa ni kwa deni lenyewe. Mwenye kesi kule La Haye ni Leta ya Kongo, hapana mama wa Kisangani. Jambo hilo ni zito, filamu inalipitia mbio. Mutu anaona wanazuiliwa mbele ya Bunge, anafikiri shida ni mulinzi wa mulango (kumbe yule naye anangoja mushahara).

Korti ilihukumu Uganda 2005. Kesi juu ya Rwanda ilikataliwa 2006, Korti ikisema haina uwezo wa kuisikiliza. Tarehe 9 Februari 2022 ikakata dola milioni 325. Kongo iliomba zaidi ya miliardi 11! Ndani yake, milioni 225 ni juu ya watu: waliokufa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto walioingizwa jeshini, waliokimbia makwao. Bote katika mufuko moja.

Ningependa Hamadi arudishe kamera pale majina yanaandikwa, tuone nani anapima mguu, na anaupima na nini.